Mwili Unapokaribia Umri wa Makamo: Nguvu Zipi Zinarudi, na kwa Ajili ya Nani?



Katika masika yaliyopita tuliitwa kwenda kumpa Mpako Mtakatifu mama mmoja mgonjwa wa kigango chetu cha mlimani. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, pikipiki ikabaki mtoni, nasi tukaanza kupanda kwa miguu. Njia hiyo tulipokuwa mapadre wapya tuliimaliza kwa saa moja na nusu, tena tukiimba. Safari hii ilituchukua karibu saa tatu. Tuliketi juu ya mawe mara nne, Ekaristi Takatifu ikiwa kifuani petu, na kijana aliyetusindikiza akiwa ametupokea mkoba kwa adabu bila kusema neno. Tulipofika, mama alikuwa amekwisha kufariki, yapata nusu saa. Katekista, mzee wa miaka 68 aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mlima, alikuwa amesali naye tangu alfajiri.

Huruma ya Mungu haifungwi na pumzi ya padre, na familia ile haikutulaumu. Walitupa kiti na uji. Lakini njia nzima ya kurudi tulijiuliza: mwili ule wa seminarini, uliolima shamba asubuhi na kucheza mpira jioni, ulikwenda wapi?

Jibu lililo rahisi ni umri. Wengi wetu tuliovuka miaka 40 tunalitumia kila siku: magoti yakilalamika wakati wa kuinuka baada ya Mageuzo, tunasema ni uzee. Kanisa lenyewe, ikumbukwe, halijatuhesabu hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, inamdai mwamini kufunga mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Na sayansi nayo inatunyima sehemu kubwa ya kisingizio hicho.

Mwaka 1966, jijini Dallas nchini Marekani, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulala kitandani kwa majuma matatu mfululizo ili madaktari wapime jinsi moyo na mapafu vinavyodhoofika. Miaka 30 baadaye watu wale wale watano walitafutwa na kupimwa tena. Walikuwa wamenenepa, mafuta mwilini yalikuwa yameongezeka kutoka asilimia 14 ya uzito wao hadi 28. Hata hivyo, ilionekana kwamba yale majuma matatu ya kitandani yaliwapunguzia uwezo wa kufanya kazi nzito kuliko ile miaka 30 yote ya kuzeeka. Kisha wakawekwa katika mazoezi kwa miezi sita: kutembea, kukimbia polepole, kuendesha baiskeli. Walianza kidogo kidogo, wakafikia saa nne na nusu hivi kwa juma. Mwishoni, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umerudi pale ulipokuwa mwaka 1966, kabla hawajalazwa.

Watu watano ni wachache, na hatupendi kujenga nyumba juu ya nguzo moja. Lakini habari hii inastahili kutafakariwa na kila anayesema wakati wake umepita. Kumbe sehemu kubwa ya nguvu tunazodhani zimechukuliwa na miaka tuliziacha wenyewe katika kiti cha ofisi, katika gari, na juu ya pikipiki.

Lazima tuseme pia yasiyorudi. Kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na mazoezi hayairudishi. Wale watu wa Dallas walifaidika zaidi kwa sababu misuli yao ilijifunza upya kuchukua oksijeni kutoka katika damu. Misuli nayo hupungua taratibu tangu miaka 30, na kwa mtu asiyeitumia hupungua haraka zaidi. Kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa hukomaa polepole kuliko misuli yenyewe, na hapa ndipo wanaume wa rika letu tunapoumia. Tunakumbuka tulivyokuwa, tunaingia uwanjani kucheza na vijana wa VIWAWA siku ya somo wa parokia, na dakika ya kumi tunatolewa tumeshikwa mabega. Kumbukumbu inakwenda mbio kuliko kano.

Kwa hiyo mwanzo uwe wa unyenyekevu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, na angalau siku mbili ayatie misuli yake nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwenda Jumuiya kwa miguu na kurudi kunahesabika. Kulima kunahesabika sana, na akina mama wengi wa vijijini wanaosoma haya hawana haja ya kufundishwa na padre. Wengi wao wanahitaji kupumzika. Kwa misuli, kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, au kusukuma ukuta kwa mikono, panatosha kwa kuanzia. Mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Kuna jambo la chakula, nalo linatugusa sisi mapadre zaidi. Katika ziara za Jumuiya kila nyumba hutuandalia, na mama mwenyeji akiona sahani ya pili imekataliwa huona amekataliwa yeye. Tumejifunza kupokea kidogo katika kila nyumba, na kumwomba maji badala ya soda. Baadhi bado wananuna.

Je, si ubatili kwa mtu wa Mungu kuhesabu hatua na kupima kiuno? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Namba inayofuata inakataa kuuabudu mwili na kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake. Mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake Ndugu Punda, akautesa kwa ukali, na mwisho wa maisha yake akakiri kwamba alimkosea ndugu huyo. Punda hapambwi kwa ajili ya kutazamwa, lakini asiyemlisha wala kumtembeza asishangae mzigo ukibaki njiani. Kwetu sisi mzigo ulikuwa Mafuta Matakatifu.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mtu anayeutamani ujana wake na mtu anayetafuta nguvu za kutumika. Wa kwanza hatatosheka, kwa maana kila mwaka kioo kitamnyima kitu. Wa pili anaweza kujiuliza maswali yenye majibu: je, naweza kumbeba mtoto wangu akiugua usiku? Naweza kumgeuza mama yangu mzee kitandani? Nitafika?

Sisi tulianza mwezi Juni, kwa kuzunguka uwanja wa parokia wakati wa Rozari ya jioni. Majuma mawili ya kwanza tuliona aibu mbele ya mlinzi. Septemba tuliacha pikipiki mtoni kwa hiari na kupanda kigangoni kwa miguu. Tulitumia saa mbili na dakika kumi, na tuliketi mara moja tu. Mwezi huu imekuwa saa moja na dakika hamsini. Katekista hutungoja chini ya mparachichi ulio kwenye kona ya mwisho, akiwa amekwisha kupiga kengele ya kwanza.