Mkeka wa Kipungani

Safari ya Lamu haimtaki mwenye haraka. Nilitoka Mombasa mara baada ya sala ya alfajiri, ndani ya basi lililojaa vikapu, magunia na watoto waliolala. Kilifi tukaipita, Malindi tukanywa chai, na tulipouvuka Mto Tana karibu na Garsen jua lilikuwa utosini. Mara kadha tulishushwa, tukakaguliwa vitambulisho, tukapanda tena. Tukapita Witu, mji aliojenga ufalme wake Ahmad Simba wa ukoo wa Nabahani, aliyetiwa katika himaya ya Wajerumani mwaka 1885.

Mokowe ndiko bara inakokomea. Wenzangu wengi wakapanda mashua za Lamu mjini. Mimi nilikuwa naelekea Kipungani, kijiji kilichoko pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa, alikonialika rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya watalii. Gatini niliziunganisha adhuhuri na alasiri, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Nahodha aliyatazama maji, akasema:

"Twende sasa, bwana. Yakipwa tutalala mikokoni."

Tukaambaa na mikoko, tukaiacha Matondoni na mafundi wake wa majahazi. Jua lilikuwa lazama nilipokanyaga mchanga wa Kipungani.

NYUMBA YA MIKEKA

Msomaji, nilikuwa nikitarajia marumaru. Kumbe kibanda nilichopewa kiliezekwa makuti, kikasimamishwa kwa boriti za mikoko, na kuta zake zilikuwa mikeka! Ndani mlikuwa na kitanda kipana chenye chandarua kama cha bibi arusi, na shuka nyeupe zikinukia. Nililetewa dafu la baridi, kisha samaki wa kupaka na kamba wa kuchoma. Mbele yangu bahari, na ufuo usiokatika mpaka Shela, kilomita zipatazo 12.

Wageni waliokuja kwa ndege mpaka Manda walikuwa wakizipapasa kuta zile kana kwamba ni hariri. Rafiki yangu aliponitajia bei ya usiku mmoja, nilikaa kitako. Nikaikumbuka mikeka niliyorithi kwa marehemu mama. Niliikunja nikaitupa darini siku niliponunua ya plastiki.

MANENO YA BIBI

Asubuhi nilikwenda kijijini. Barazani nilimkuta bibi mmoja akisuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, keti."

Vidole vyake havikusimama. Alinieleza kwamba miyaa ya mkoma hukatwa, ikaanikwa, ikachanwa, na mingine ikatiwa rangi. Kisha husukwa ukili, mrefu kama kamba ya jahazi, na ukili huo ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Kazi ya siku nyingi, na mgongo ndio unaolipa.

Hoteli ziliwapa wanawake wa Kipungani soko. Lakini mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, mwaka 2014 ikaja balaa ya Mpeketoni, na mwaka 2020 korona. Kila mara watalii walipokimbia, mikeka ilibaki imekunjwa.

"Na kabla ya hoteli, bibi, mlikuwa mkimuuzia nani?"

Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza.

"Tulikuwa tukiwauzia nyinyi. Misikiti ilitandikwa majamvi yetu, bibi arusi hakukosa mkeka, na maiti hakukaliwa matanga ila juu ya jamvi. Leo mwatandika plastiki. Mzungu asipokuja, mwataka sisi tule nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwagizia mkeka mmoja, nikamwachia arbuni.

Niliporudi Mombasa nilipanda darini. Mkeka mmoja ulikuwa umeliwa na panya, hauna dawa. Wa pili nimeufuta vumbi, nikauanika, na juu yake ndipo ninaposali sasa. Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami nimerejea, lakini ilinibidi nivuke bahari, nikalale katika nyumba ya wageni, ndipo niijue thamani ya kitu cha mama yangu. Wewe msomaji, darini kwako mna nini?