Donkova: mwanadada wa 12.21 aliyewatesa wenzake miaka chungu nzima

Kama unadhani kuruka viunzi ni lelemama, hebu jaribu kutimua mbio za mita 100 huku umepangiwa viunzi kumi mbele yako, kila kimoja kimo chake sentimita 84, na kati ya kimoja na kingine una hatua tatu tu. Ukikosea moja, imekula kwako. Sasa huyu mwanadada Yordanka Donkova wa Bulgaria aliimaliza kazi hiyo kwa sekunde 12.21, na kwa karibu miaka 28 hakutokea wa kumgusa!

Alizaliwa mwaka 1961 huko Gorni Bogrov, jirani na jiji la Sofia. Utotoni alipata ajali iliyomharibu vidole vya mkono wa kulia. Wanaoijua riadha wataelewa hapo. Mkimbiaji wa mbio fupi huanza ameinama, uzito wake ameuegemeza kwenye vidole nyuma ya mstari. Donkova aliinama hivyo hivyo na mkono wake huo, mlio ukisikika, wenye vidole vyote wanakula vumbi.

Mwaka uliomtoa hasa ni 1986. Agosti, mjini Cologne, aliivunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya siku moja: 12.35, halafu 12.29. Mwezi huohuo akabeba ubingwa wa Ulaya kule Stuttgart, na Septemba, Ljubljana, akashusha 12.26. Nyumbani wakamtangaza mwanamichezo bora wa mwaka. Wangemchagua nani mwingine?

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mbulgaria mwenzake, Ginka Zagorcheva, mwaka 1987 alimpokonya rekodi kwa 12.25, kisha akatwaa na ubingwa wa dunia Roma. Siku hiyo Donkova aliambulia nafasi ya nne. Mimi naamini bila Ginka ile 12.21 isingepatikana. Mtu ukishafunikwa na wa nyumbani kwako, usingizi unaupata wapi?

Agosti 20, 1988, mjini Stara Zagora, mama akajibu: 12.21. Mwezi uliofuata akatua Seoul kwenye Olimpiki. Kumbuka ile ya Los Angeles 1984 Bulgaria waliisusia, kwa hiyo alikuwa na kiu ya miaka. Akashinda kwa 12.38, huku wa pili, Gloria Siebert wa Ujerumani Mashariki, akifika kwa 12.61. Kwenye mbio hizi hilo ni pengo la kupitisha daladala.

Barcelona 1992 ilikuwa kasheshe. Mmarekani Gail Devers aliyekuwa akiongoza alijikwaa kiunzi cha mwisho, Mgiriki Voula Patoulidou akapita na dhahabu, Donkova akapata shaba. Wakasema basi, bibi kachoka. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 32, akabeba shaba kwenye mashindano ya ubingwa wa Ulaya mjini Helsinki!

Rekodi yake ilidumu hadi Julai 2016, Mmarekani Kendra Harrison alipokimbia 12.20 London. Tofauti ya kope tu. Mwaka 2022 Tobi Amusan wa Nigeria akaipeleka hadi 12.12 mjini Eugene, Afrika tukashangilia.

Ila kuna kitu. Fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, dhahabu ilikwenda kwa Masai Russell aliyetumia 12.33. Sasa chukua 12.21 ya mwaka 1988, piga hesabu mwenyewe.