TAIRI LA KIGARI CHA SHAMBA: NANI ACHAGUE, NANI ALIPE?



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya mishahara, likizo na matibabu. Leo tuzungumze juu ya tairi, au pine kama tunavyoliita sisi wa Burundi. Msicheke. Tairi bovu huvunja mguu wa mfanyakazi, na bei ya tairi huweza kula mshahara wa dereva. Jambo linalovunja mguu na kula mshahara ni jambo la chama.

Nitaeleza yaliyotokea upande wa Gashoho, Muyinga, katika msimu mmoja wa kahawa, na yale tuliyojifunza. Jina la mwajiri silitaji, kwa maana shabaha yangu ni kufundishana na wala si kumchafua mtu.

KIGARI KILICHOPINDUKA

Wanaoijua Gashoho wanajua kwamba ukiiacha lami ya Ngozi kwenda Muyinga, unaingia katika njia za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka milima. Kahawa yetu huiva kuanzia mwezi Machi, wakati mvua za masika zinanyesha. Nayo kahawa ikishachumwa haingoji. Lazima ifike kwenye kituo cha kuoshea siku ile ile, la sivyo huchacha na kushuka daraja. Kwa hiyo hatuwezi kusema tungoje jua likaushe njia.

Mwajiri huyo alikuwa na kigari cha kubebea mazao, kile chenye magurudumu manne manene, viti viwili ubavu kwa ubavu, na bodi ndogo ya nyuma. Ni chombo kizuri. Hupita mahali ambapo pikapu haipiti. Lakini matairi yake ya nyuma yalikuwa yamekwisha, yamekuwa kipara kabisa. Dereva alimwambia kapita mara mbili. Kapita alijibu, "Maliza msimu kwanza."

Jioni moja baada ya mvua, kigari kilishuka mteremko kikiwa na magunia, na juu ya magunia amekaa kibarua mmoja. Dereva alikanyaga breki, matairi hayakushika, kigari kikateleza kama sabuni na kupindukia mtaroni. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Kibarua aliumia goti.

Baada ya wiki mbili dereva alinijia na karatasi mfukoni. Ilitoka ofisini. Ilisema kwamba atakatwa mshahara miezi mitatu, kulipia nusu ya bei ya matairi mawili mapya, kwa kuwa "hakuyatunza". Akaniuliza, "Kaka, mimi ndiye niliyeyala yale matairi?"

SISI PIA TULIKOSEA

Tuliunda kamati ya watu watatu tukaenda ofisini. Meneja alitupokea kwa adabu. Alisema yuko tayari kununua matairi yaliyotumika kutoka mjini, halafu fundi ayachonge meno upya kwa kisu cha moto.

Hilo tulilikataa pale pale. Tairi lililokwisha halina tena unene wa mpira wa kuchonga. Kisu kikizidi kidogo hufika kwenye nyuzi zinazolishikilia tairi. Utaona meno, kumbe umekatiwa mifupa. Siku likibeba mzigo mzito litapasuka.

Lakini, ndugu zangu, niseme ukweli. Sisi nasi tulikuwa na kosa letu. Madereva walitaka matairi makubwa ya matope, yenye meno marefu kama vidole, waliyoyaona katika picha. Walitaka pia yawe marefu kuliko ya mwanzo, ili kigari kiinuke juu ya mawe. Nami nilikuwa tayari kupiga meza kwa ajili yao. Fundi mmoja mzee wa garaji ndiye aliyetuzuia. Alituuliza swali moja tu, "Katika safari yenu, matope ni kiasi gani?"

Hatukuwa na jibu. Tukarudi kuhesabu.

KWANZA, IJUE NJIA YAKO

Tulipima safari moja kwa saa ya mkononi. Kwa dakika 40 za njia, dakika kama 30 zilikuwa juu ya changarawe ngumu na mawe makali. Dakika 10 tu zilikuwa za udongo wa mfinyanzi, yaani ule mteremko na sehemu ya bonde.

Fundi akatueleza hivi. Matairi ya vigari hivi ni ya namna tatu.

Ya kwanza ni ya matope. Meno yake ni marefu na yameachana, ili matope yatoke yenyewe gurudumu linapozunguka. Katika bonde ni mfalme. Lakini juu ya changarawe ngumu meno hayo huliwa upesi, na kigari hutetemeka mpaka mgongo wa dereva unauma.

Ya pili ni ya njia ngumu. Meno yake ni mafupi na yamebanana. Hudumu sana, lakini yakiingia mfinyanzi, udongo huyajaa katikati na tairi huwa kama kipara.

Ya tatu ni ya mchanganyiko, yaani meno ya kadiri. Si mfalme popote, lakini hufanya kazi kila mahali.

Kwa njia yetu, yenye changarawe robo tatu, jibu lilikuwa la tatu. Shamba la miwa la bondeni au la mpunga linaweza kuwa na jibu jingine. Ndiyo maana nasema hesabuni njia yenu, msiige yetu.

Na urefu je? Ukifunga tairi refu kuliko lililopangwa na watengenezaji, kigari kizima huinuka, na chombo kilichoinuka hupinduka kwa urahisi zaidi katika ubavu wa mlima. Tena injini na breki hufanya kazi kubwa zaidi. Sisi ambao tayari tumepinduka mara moja tulikuwa karibu kununua kupinduka kwa pili, tena kwa sauti ya chama!

SOMA UBAVU WA TAIRI

Ubavu wa tairi ni kama cheti cha kuzaliwa. Kila mjumbe wa kamati ajue kukisoma.

Tuseme umeona 25x8-12. Namba ya kwanza ni urefu wa tairi zima kwa inchi, yaani kama sentimita 63 na nusu. Ya pili ni upana, inchi 8. Ya tatu ni ukubwa wa ringi, inchi 12. Katika vigari vingi matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo usishangae kuona 25x8-12 mbele na 25x10-12 nyuma. Andika namba za matairi yaliyokuja na chombo, kisha ununue hizo hizo.

Tazama pia plai. Plai 4 ni nyepesi na laini. Plai 6 hustahimili mzigo na mawe makali vizuri zaidi, ingawa ni nzito na ngumu kidogo. Kwa kubeba magunia juu ya mawe, tulichagua 6.

Tafuta tarehe. Matairi mengi yana namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 1822, maana yake lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, usidanganywe na meno mapya.

Tazama mshale. Tairi lenye mshale lifungwe liwe linazunguka kuelekea huko mbele, ama sivyo meno hayatasukuma matope nje.

Mwisho, usichanganye. Mawili ya mbele yafanane, na mawili ya nyuma yafanane. Na kama kigari huvuta kwa magurudumu yote manne, mapya na yaliyokwisha yakichanganywa yanazunguka kwa mwendo usiolingana, na gia huumia. Kununua manne pamoja ni gharama leo, lakini ni nafuu kuliko gia kesho.

UPEPO

Hapa watu wengi hukosea. Tairi la gari dogo la mjini hujazwa upepo kama baa 2. Tairi la kigari cha shamba hutaka upepo mdogo zaidi, mara nyingi kama nusu ya huo, ili lilale kidogo na kushika ardhi. Fundi wa pancha aliyezoea magari ya lami hulijaza mpaka linalia kama ngoma. Tairi hilo hurukaruka juu ya mawe na kuteleza kwenye mfinyanzi, na likijazwa kupita kiasi wakati wa kulifunga kwenye ringi, linaweza kupasuka na kumuumiza fundi mwenyewe.

Upepo ukipungua mno nao ni hatari. Tairi hutoka kwenye ringi wakati wa kukata kona ukiwa na mzigo. Kwa hiyo fuata kibandiko cha watengenezaji kilichopo kwenye chombo. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Omba ofisi inunue kipima upepo cha vipimo vidogo, kwa maana kipimo cha lori hakiwezi kusoma upepo mdogo sawasawa.

RAHISI NI LIPI?

Zamani kazi ya kuchagua ilikuwa nyepesi kidogo. Tangu miaka ya 1970 wafanyakazi wenzetu wa General Tyre pale Arusha walitengeneza matairi ya magari, na wenzao wa Nairobi vilevile. Arusha mitambo ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha Nairobi, kilichokuwa cha Firestone na baadaye Sameer, kilifungwa mwaka 2016. Wenzetu walipoteza kazi, nasi tumebaki na matairi ya majina mengi kutoka ng'ambo. Mengine ni mazuri na mengine ni ya kupamba duka.

Kwa hiyo tulimwekea meneja hesabu. Chukua mfano tu, si bei ya dukani. Tairi la faranga 100,000 likidumu miezi 5, kila mwezi umetumia 20,000. Tairi la faranga 180,000 likidumu miezi 12, kila mwezi umetumia 15,000. Lipi rahisi? Meneja alichukua kalamu akahesabu mwenyewe. Hakubisha tena. Hoja yenye namba humfikia mwajiri kuliko makelele.

NANI ALIPE?

Sasa turudi kwa karatasi ya dereva. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, juu ya usalama na afya kazini. Kifungu cha 21 kinasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 19 kinasema kwamba mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, asilazimishwe kurudi kwenye hatari hiyo kabla mwajiri hajairekebisha. Na mwezi Juni 2022, huko Geneva, mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijauridhia.

Tairi lenye meno ni hatua ya usalama, ndugu zangu. Ni chombo cha kazi, kama vile mashine ya kiwandani. Nani amewahi kumdai mfanyakazi wa kiwanda anunue mkanda wa mashine uliokatika kwa uzee?

Tulilisema hilo kwa upole, tukaweka mezani na majina ya watu waliomsikia dereva akitoa taarifa kwa kapita. Karatasi ya makato ilifutwa. Mwezi uliokwisha kukatwa ulirudishwa. Matairi manne ya mchanganyiko, plai 6, yalinunuliwa. Tulikubaliana pia kwamba hakuna mtu kukaa juu ya magunia, mkanda wa kiti ufungwe, na mzigo usizidi ulioandikwa kwenye chombo.

Hatukupata kila kitu. Tuliomba mteremko ule ujazwe mawe, maana tairi si dawa ya njia mbovu. Mpaka naandika, mawe yamemwagwa nusu tu. Siku za mvua kubwa kigari husimama juu, na vibarua hupandisha magunia kwa vichwa. Hilo halijatupendeza, na bado tunalidai.

MAMBO MATANO YA KAMATI

1. Dereva aandike hali ya matairi katika daftari kila Jumatatu, na kapita atie sahihi. Neno la mdomo hupotea, daftari hubaki.
2. Pimeni njia kabla ya kuchagua meno.
3. Someni ubavu wa tairi dukani, kabla fedha haijatoka.
4. Kataeni matairi ya kuchonga.
5. Karatasi ya makato ikija, msitie sahihi kabla ya kumwona mjumbe wa chama.

Dereva yule amepona na amerudi kazini. Kila asubuhi humwona akiinama na kipimo chake kabla ya kuwasha injini. Vijana wengine walikuwa wakimcheka. Sasa wanamwazima kipimo.

Umoja ni nguvu. Tukutane kazini tukiwa wazima.