NCHI JIRANI: TAARIFA ZILALE KATIKA GHALA LA NANI?

Askari aliyewahi kupewa lindo la bohari hahitaji kuelezwa kwamba wingi wa mali iliyomo si jambo la kwanza. La kwanza ni nani ashikaye ufunguo, na la pili ni njia ya kuifikia mali hiyo itakapohitajiwa usiku wa manane. Maswali hayo mawili ndiyo yanayozikabili kampuni na mabenki ya nchi jirani kila yanaposhauriwa kuhamishia kazi za kompyuta zao katika kile kiitwacho wingu la umma.

Jina hilo lisimpoteze mtu. Wingu hilo haliko angani. Ni majengo makubwa yaliyosimama ardhini, yenye maelfu ya kompyuta, umeme wa akiba, mitambo ya kupoza joto na walinzi. Wenye majengo hayo hukodisha nguvu za mashine zao, na mpangaji huzifikia kwa njia ya intaneti. Wala neno "umma" hapa halina maana ya mali ya wananchi. Lina maana kwamba mlango uko wazi kwa kila mlipaji.

Faida za mpango huu ni za kweli. Kampuni changa haina haja ya kununua mashine za bei kubwa kabla ya kupata mteja wa kwanza. Kazi zikiongezeka mwisho wa mwezi, hukodi nguvu zaidi, zikipungua, huzirudisha. Mashine ikiharibika, fundi wa mwenye jengo ndiye anayekesha.

Lakini kodi hiyo mara nyingi huhesabiwa kwa dola. Tuchukue mfano wa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 1923 hapana aliyejua habari hizi. Ila mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya, na ulipofika mwisho wa mwaka huo ilikuwa kama shilingi 156. Kampuni ya Nairobi iliyodaiwa dola 10,000 kwa mwezi ilianza mwaka kwa kulipa kiasi cha shilingi 1,230,000 na kuumaliza kwa kulipa 1,560,000, bila ya kuongeza hata mashine moja.

Jambo la pili ni njia. Majengo makubwa ya wingu yaliyofunguliwa barani Afrika na kampuni za Marekani yalianzia Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020, na Google mwaka 2024. Mashariki ya Afrika huyafikia kwa mikongo ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Mashine za wapangaji zilikuwa salama huko ziliko. Kilichokatika ni barabara ya kuziendea.

Jirani zetu hawakukaa kimya. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, kwa miaka mingi ilitegemea mitambo iliyokuwa Ujerumani. Mwaka 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya. Hilo halikuwa wingu la umma, lakini funzo ni lilelile: fedha anazozitegemea mwananchi kila siku zisiwe na safari ndefu kuliko inavyolazimu. Rwanda nayo, kwa sheria ya Oktoba 2021, iliagiza taarifa binafsi za watu zihifadhiwe nchini humo, na zihifadhiwe nje kwa idhini tu ya mamlaka husika.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kilicho nyumbani ni salama kwa sababu tu kiko nyumbani. Tarehe 26 Septemba, 2025, moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea ya Kusini, mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, na ghala moja la nyaraka za watumishi likateketea bila ya kuwa na nakala mahali pengine. Bohari lilikuwa lao, na ufunguo ulikuwa wao. Kilichokosekana ni akiba.

Kwa hiyo kuuliza "tuhame au tusihame?" ni kuuliza vibaya. Kazi zipangwe moja moja. Tovuti ya matangazo, majaribio ya mafundi na mahesabu yanayoweza kungoja hadi kesho yanaweza kupangishiwa nje bila ya hofu kubwa. Kazi ambayo ikisimama saa moja mshahara haulipwi, mgonjwa hatambuliwi, au askari aliye mpakani hawezi kumtumia mkewe fedha za chakula, hiyo hapana budi iwe na nakala inayofanya kazi nchini, na nakala nyingine mbali na ile. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, ijulikane gharama ya kuzirudisha taarifa siku mpangaji atakapotaka kuondoka.

Njia ya kulipima jambo hili mnaijua ninyi kuliko wengi. Kikosi hakingoji vita ndipo kijue kama redio zake zinasikika, hufanya zoezi. Mkurugenzi anayeshauriwa kuhamia kwenye wingu naye aamuru zoezi: kwa saa chache, kwa makusudi, mawasiliano ya nje yakatwe, na iandikwe ni kazi gani iliyosimama na ni nani aliyeumia. Orodha hiyo itamweleza yapi ya kupeleka nje na yapi ya kubaki nayo.