Ukibadili saizi ya tairi, usiuamini mshale wa spidi

Noah iliyotengenezwa kwa ajili ya lami za Japani ikifika Simiyu hukutana na barabara za aina mbili. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, unapoikuta barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni lami. Kwenda Maswa nako ni lami. Lakini ukikata kuelekea vijiji vya Itilima na Meatu, unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaostawisha pamba na kuyanasa magari yaliyo chini. Ndiyo maana watu huinua magari yao: springi kwanza, kisha tairi kubwa.

Siwalaumu hata kidogo. Masika ya huku hayana subira na gari la chini. Shida inaanza gari hilohilo linaporudi kwenye lami, kwa sababu dashibodi haina habari kwamba tairi zimebadilishwa.

Spidomita huhesabu mizunguko tu. Magari ya zamani yalitumia waya uliotoka kwenye gia boksi. Ya sasa hutumia sensa. Kiwandani walishapanga mzunguko mmoja wa tairi ni sawa na umbali gani. Ukifunga tairi kubwa, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, na hesabu ya dashibodi inabaki ya zamani.

Soma ubavu wa tairi. Noah nyingi huja na 195/65R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Kipenyo chake ni kama milimita 634, na mzunguko mmoja ni mita 1.99. Fundi akikufungia 205/70R15, rimu ni ileile, lakini kipenyo kinafika milimita 668 na mzunguko mita 2.10. Umeongeza asilimia 5: mshale ukisoma 80, spidomita iliyokuwa sahihi sasa inaficha 84. Panda hadi 215/75R15 na ile 80 inakuwa karibu 89.

Wapo watakaosema viwanda huacha akiba, na ni kweli. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu isome juu, hadi asilimia 10 ya mwendo huo na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo asilimia 5 huenda ikamezwa na akiba hiyo. Asilimia 11 ya ile 215/75R15 ni jambo jingine. Umbali wa breki hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari litahitaji karibu robo ya umbali zaidi ili lisimame. Kwenye barabara inayokatwa na makundi ya ng'ombe na watoto wanaotoka shule, mita hizo ni uhai wa mtu.

Sheria inataka 50 kwenye makazi, na tochi ya trafiki inapima gari lenyewe. Kujitetea kwamba mshale ulisoma 50 hakutakusaidia.

Odomita nayo inapunjika. Kwa tairi ya asilimia 5 zaidi, ukisoma kilomita 5,000 za kumwaga oili, gari limekwenda zaidi ya 5,250. Hata anayelalamika kwamba gari limeanza kula mafuta tangu abadili tairi, sehemu ya ulaji huo iko kwenye hesabu: kilomita zilizoandikwa ni pungufu ya alizokwenda. Tairi nzito nayo inakula kweli, lakini si yote.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kulipia tairi, piga hesabu ya kipenyo na usipite asilimia 3 juu ya kile cha kiwandani. Kama umeshafunga, mpe abiria simu yenye programu ya GPS, nyoosha njia ya Lamadi kwa mwendo usiobadilika, kisha alinganishe na mshale. Simu ikisoma juu ya mshale, punguza mwendo kwa tofauti hiyo kila siku, na umwambie kila utakayempa ufunguo.