Fuma Anayejitwika Makombe

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo hatumsimulii sungura wala fisi. Wamesingiziwa mengi, wapumzike. Leo ni zamu ya fuma, yule mnyama wa baharini wa mviringo, mwenye miiba kama chungwa lililochomekwa vijiti pande zote. Aliyewahi kumkanyaga hahitaji maelezo zaidi.

Mafuma wako wa aina nyingi. Yule mweusi wa miiba mirefu mwacheni huko huko miambani. Ninayemsimulia ni wa miiba mifupi, ambaye wataalamu humwita Tripneustes gratilla. Yuko pwani yetu, kwenye majani ya bahari, na yuko Hawaii pia. Huyu bwana ni mwokotaji. Vipande vya makombe, majani, vijiwe, vyote hujitwika mgongoni (kichwa hana, na ubongo hana). Ukimfuga sebuleni kwenye tangi la kioo, usishangae kumwona akitembea na konokono aliye hai, tena asiyeombwa ruhusa. Kwa nini anafanya hivyo? Waliomchunguza wanaona kuwa sababu mojawapo ni mwanga: jua likizidi kumchoma, naye huzidi kujifunika.

Chini yake kuna mdomo wenye meno matano yanayokua maisha yake yote, maana kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe, nayo humaliza meno. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alikieleza kinywa hicho zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na hadi leo wataalamu hukiita taa ya Aristotle.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo wafugaji wengi wanapomuua. Fuma hutembea kwa vijimiguu vingi vyembamba, na vijimiguu hivyo huendeshwa kwa maji. Mgongoni ana kisahani chenye vitundu vidogo mno kinachounganisha mirija yake na bahari. Maji yakisukumwa mirijani, kijimguu hurefuka na kushika. Figo za kusawazisha chumvi hana. Kwa hiyo chumvi ya nje ndiyo chumvi ya ndani. Ikibadilika ghafla kwenye tangi, imebadilika mwilini mwake, na hana pa kukimbilia.

Kilo moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi. Ndani ya tangi, maji hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi haiendi popote. Basi cha kuongeza ni maji yasiyo na chumvi wala klorini. Mtu akiongeza ya bahari, hata kwa huruma, anatia chumvi juu ya chumvi. Na fuma akiletwa nyumbani, maji ya tangi huingizwa kwenye chombo chake tone kwa tone, kwa saa nzima au zaidi.

Tangi jipya pia si mahali pake. Kinyesi hutoa amonia, nayo ni sumu, mpaka bakteria waizoee kazi ya kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Tena kioo kipya hakina utando wa kijani wa kukwangua, na fuma atalala njaa. Mwani ukiisha, mpeni mwani mkavu. Dawa za samaki zenye shaba zikae mbali naye kabisa, na akishika kioo msimvute kwa nguvu, vijimiguu vitakatika. Miiba ikianza kupukutika, pimeni maji siku hiyo hiyo.

Najua kuna mmoja wenu anawaza kumchukua fuma baharini kwa ndoo. Aisahau. Ndoo haina pampu wala mwani, na katika hifadhi za bahari za Kenya kama Watamu na Kisite kuchukua kiumbe ni marufuku.

Hata hivyo, matangi yana faida zake. Hawaii, katika Ghuba ya Kāneʻohe, mwani wa kigeni ulikuwa ukifunika matumbawe na kuyakosesha mwanga. Serikali ya jimbo ikaanza kuwazalisha na kuwalea mafuma wa aina hii hii kwenye matangi, tangu wakiwa wadogo mno, kisha kuwaachia ghubani wale mwani huo. Mpaka sasa wameachiwa laki kadhaa.