Mchezo wa Sataranji Hukoma Lini?

Nilipokuwa nikisoma Ulaya, usiku mmoja wa baridi kali, nilimbakizia mpinzani wangu mfalme peke yake ubaoni. Mimi nilikuwa na malkia na askari wawili. Kwa pupa nikamsogeza malkia mahali ambapo mfalme yule hakushambuliwa, lakini kila mraba aliotaka kuukimbilia ulikuwa chini ya ulinzi wangu. Mwenzangu akacheka. Hakuwa na hatua halali ya kucheza, na kwa kanuni hiyo ni suluhu. Hasira ziliponipoa nilijiuliza swali lililo la hisabati kuliko la mchezo: ni kitu gani hasa kinachoulazimisha mchezo wa sataranji ukome?

Msomaji asiyeujua mchezo huu na ajue haya. Ubao una miraba 64, na kila upande una kete 16. Ngome huenda mbele, nyuma au kando kwa mstari ulionyooka. Askofu huenda mshazari. Malkia ameunganisha uwezo wa hao wawili. Mfalme huenda pande zote, lakini mraba mmoja tu. Farasi huenda miraba miwili kisha mmoja kwa pembe mraba, akiruka kete zilizomzuia. Askari huenda mbele mraba mmoja, au miwili katika hatua yake ya kwanza, hula kwa mshazari, wala harudi nyuma kamwe.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kete nyingine zote zaweza kurudi zilikotoka, na kwa hiyo wachezaji wawili wakaidi waweza kuzungusha farasi wao hadi kuche. Ili kuwazuia, hapo zamani ilikuwako kanuni iliyoitwa ya Kijerumani: mfululizo uleule wa hatua ukichezwa mara tatu bila kukatizwa, mchezo ni suluhu. Je, kanuni hiyo yatosha? Mwaka 1929 Max Euwe, Mholanzi mwenye shahada ya udaktari wa hisabati, ambaye mwaka 1935 alikuja kuwa bingwa wa dunia, alithibitisha kwamba haitoshi.

Tuseme A ni kila mchezaji kumtoa farasi wa upande wa mfalme na kumrudisha, na B ni hivyo hivyo kwa farasi wa upande wa malkia. Andika A. Pembeni yake andika kinyume chake: AB. Geuza tena safu nzima, kila A iwe B na kila B iwe A, uiunganishe: ABBA. Kisha ABBABAAB, na kuendelea. Hata safu hii ikirefushwa namna gani, hakuna fungu la herufi litakalofuatana mara tatu. Wanafunzi na waitafute kasoro kwa chaki hadi herufi 32, hawataipata. Axel Thue wa Norwei alikuwa amekwisha kuichunguza safu hii kabla ya Euwe, ambaye aliifikia kwa njia yake mwenyewe.

Kosa la kanuni ile lilikuwa kuangalia hatua badala ya hali ya ubao. Kanuni ya leo huangalia hali: ikitokea ileile mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule na uwezekano wa hatua ukiwa uleule, mchezaji aweza kudai suluhu, ikitokea mara ya tano, mchezo umekwisha bila dai. Na hali za ubao, ingawa ni nyingi mno, zina kikomo.

Kanuni ya pili yategemea askari. Hatua 50 za kila upande zikipita pasipo askari kusogea wala kete kuliwa, suluhu yaweza kudaiwa. Tangu mwaka 2014, zikifika 75 mchezo husimamishwa. Hebu tupige hesabu. Askari 16 hawawezi kusogea zaidi ya mara sita kila mmoja, yaani 96. Kete zinazoweza kuliwa ni 30. Jumla ni 126, na hivyo mchezo hauwezi kupita hatua 127 × 75, yaani 9,525.

Lakini ukomo huo una gharama. Katika miaka ya 1980 Ken Thompson wa Marekani aliiagiza kompyuta ichunguze maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja, pambano ambalo mabingwa walidhani kwa kawaida ni suluhu. Kompyuta ilionyesha kwamba kwa kawaida maaskofu hushinda, ila huenda wakahitaji hatua 66 kabla ya kumla farasi. Shirikisho la dunia liliongeza muda kwa baadhi ya mapambano ya namna hii, kisha mwaka 1992 likarejea kwenye 50. Mimi naona lilifanya vyema, maana mwaka 2012 kompyuta ya Moscow ilipata hali ya kete saba ambayo ushindi wake wahitaji hatua 549, na sijui ni mwamuzi gani angekubali kukaa kitini hadi mwisho wake.